Mapacha wa Kwenye Karte

Kabla sijajua kusoma, nilijua kwamba mstari wa tatu wa karte ile haukuwa wangu. Juu kulikuwa na jina la mume wetu, fundi wa breki za mabehewa hapa Kindu. Chini yake, namba yake ya kazi. Mstari wa tatu ulikuwa wa bibi yake, na bibi aliyeandikwa pale hakuwa mimi niliyemfuata kutoka Kibombo na sanduku la bati kichwani. Alikuwa mke mwenzangu, aliyekuja miaka minne baadaye.

Karte yenyewe ilikuwa karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili. Mfanyakazi aliyekuwa nayo alitibiwa kwenye hospitali ya reli, yeye, bibi yake na watoto wake, bila kutoa kitu mfukoni. Wengine walikwenda hospitali ya watu wote na kuku mkononi, au chupa ya mawese, au uso wa kuomba. Mimi nililala katika nyumba ya reli, nikapika wali wa reli, lakini nikiumwa nilibeba kuku.

Mstari ule aliupata hivi. Mimi niliolewa kwa mahari na kwa dua, mbele ya wazee wa ukoo na shehe mmoja, na hakuna aliyeandika kitu. Siku zile nani alidai karatasi? Baadaye kampuni ikataka kila mfanyakazi alete cheti cha ndoa cha serikali, na serikali inajua bibi mmoja tu. Wakati huo nilikuwa Kibombo, nimekwenda kumzika mama yangu. Niliporudi baada ya arobaini, mume wetu alikuwa ameshakwenda ofisi ya mji na bibi mdogo.

"Yeye njo alikuwa hapa," aliniambia. "Walinipa siku tatu tu."

Yaani mimi nilipotezwa na matanga. Sijamsamehe mpaka leo, ingawa amekwisha kufa na nimemwombea dua zote anazostahili.

Tulizaa mwaka mmoja. Mwenzangu alizaa mvulana, na miezi miwili baadaye nikazaa msichana. Mume wetu akangoja ili awaandikishe wote kwa safari moja. Karani akamuuliza kama watoto hao wawili ni wa bibi yule yule wa kwenye karte. Mtoto wa mama mwingine angehitaji mashahidi na karatasi nyingine, na pengine wangeuliza ana wake wangapi. Mume wetu hakuwa mwongo mzoefu. Alisema neno la kwanza lililomjia mdomoni.

"Mapacha."

Karani alisimama akampa mkono, maana kwetu baba wa mapacha hapiti hivi hivi. Akaandika tarehe moja kwa watoto wote wawili, ile ya mvulana, na binti yangu akazeeka miezi miwili kwa kalamu. Mume wetu alirudi nyumbani akicheka mpaka akashika mlango. Mwenzangu naye akacheka. Mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Niliitwanga mpaka ikawa maji.

Kosa lile likaota miguu. Mama wa mapacha ana heshima yake: hapangi foleni, haambiwi ngoja. Na ukimpa pacha mmoja kitu, mwenzake lazima apate kile kile, la sivyo aliyenyimwa ataugua kwa uchungu. Kwa hiyo mke mwenzangu alipofika hospitali na watoto wale, mmoja mgongoni na mwingine kiunoni, wauguzi walimwita kutoka mbali: "Mama Mapacha, pita mbele!" Walimpa sabuni mbili. Walimpa vitambaa viwili. Wanawake waliozaa mara saba walimpisha kwenye benchi, yeye aliyekuwa na uzazi mmoja tu maishani.

Na hakuwa mwizi. Alirudi nyumbani na kila kitu, akakigawa sawasawa. "Yaya, hii ni ya mutoto yako," aliniambia, akiniita dada mkubwa kama ilivyo desturi. Uaminifu wake uliniudhi kuliko wizi. Angeiba, ningejua la kusema.

Nilianza kumsindikiza ili nisikie mwenyewe wanavyomwita. Akawaambia kwamba mimi ni shangazi wa watoto, dada wa baba yao, na jina hilo likanikaa. Siku moja binti yangu alilia njaa kwenye benchi la hospitali, na maziwa yakaanza kulowanisha blauzi yangu. Shangazi hanyonyeshi. Nilimpa mwenzangu mtoto, akamnyonyesha mbele ya macho yangu, na mtoto akanyonya bila haya yoyote. Nilijifunga kikwembe kifuani, nikasema kuna baridi, na jua la Kindu lilikuwa linachoma mpaka mbwa wamejificha.

Kisha vita ikaja, na Mungu anisamehe, siku za kwanza kuna sehemu ya moyo wangu iliyoifurahia. Treni ilikoma. Majani yakaota katikati ya reli. Mshahara ukawa hadithi, na mume wetu akaenda kulima mpunga upande wa Kibombo kama watu wengine wote. Ile karte ikabaki karatasi. Aliye juu mngoje chini, nilijisemea, na nilikuwa nimengoja muda mrefu. Nilimwona mwenzangu akibeba kuku wake wa kwanza kwenda kutibiwa jino, nikamchagulia mimi mwenyewe yule kuku, mwembamba kuliko wote.

Furaha ile haikukaa. Hospitali ya reli haikufungwa. Dawa kidogo zilizokuwa zinafika kwa ndege ziligawanywa, na wa hospitali ile walipopata sehemu yao waliwapa kwanza watu waliokuwa kwenye daftari lao la zamani. Karte ikafufuka. Na safari hii haikuwa mambo ya sabuni.

Binti yangu alikuwa na miaka mitano. Homa ilimshika siku nne, na siku ya tano niliposhusha kope lake la chini, mle ndani mlikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Mume wetu alikuwa mashambani, njia imefungwa. Tulitoka asubuhi, mimi nimembeba binti, mwenzangu amemshika mvulana mkono na karte ameificha ndani ya sidiria. Karibu na stesheni aliniambia nimpe mtoto. Nikampa.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya kuamrisha. Alimtazama mtoto, akalitazama daftari.

"Mutoto iko bila damu. Mama yake iko wapi?"

Nilifungua mdomo. Mwenzangu akanikanyaga mguu.

"Niko hapa," akasema.

"Na wewe?"

Nje kwenye ngazi kulikuwa na wanawake waliorudishwa kwa sababu hawakuwa na karte. Nilikuwa nimewaruka kwa miguu yangu mwenyewe nikiingia. Kama ningesema ukweli, karte ingekuwa ya uongo, na binti yangu angetolewa nje akalale pamoja na watoto wao.

"Niko shangazi," nikasema.

Walitutoboa vidole sote wawili, maana damu ya kuwekwa akiba haikuwepo. Kila mgonjwa alikuja na mtu wake wa kumtolea. Tulingoja. Muuguzi alirudi, akaja kwangu kwanza.

"Shangazi, yako hapana. Haipatane na ya mutoto. Ya mama njo inapatana." Kisha akawageukia wagonjwa wote wa chumba kile, kana kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza. "Munaona? Damu ya mama haidanganye!"

Wakaitikia kwamba ni kweli. Wengine walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyekuja kwenye karamu na sahani yake akaambiwa chakula kimekwisha.

Nilikaa chini ukutani na mvulana wa mwenzangu mapajani. Muuguzi alimlisha kijiko cha dawa tamu yeye pia, mzima kabisa, asije akaugua kwa kuona pacha wake anahudumiwa. Akalamba midomo. Kitandani damu ya mke mwenzangu ilikuwa inaingia mkononi mwa mtoto niliyemzaa, tone baada ya tone, nami naitazama. Niliomba mtoto apone. Na katika dua ile ile, sitaficha, niliomba apone kwa kitu kingine chochote. Tayari mtoto alikuwa na jina la mwenzangu kwenye karatasi, tarehe ya mvulana wake na maziwa yake. Nilidhani angalau damu watanibakizia.

Alipona. Jioni alifumbua macho akasema "Mama", na sote wawili tukaitika. Muuguzi alinitupia jicho. Nikasema ni mazoea, kwamba nimemlea.

Vita ilipokwisha nilijiunga na darasa la kina mama la kusoma. Mwalimu aliuliza kila mmoja kwa nini amekuja. Wengine walisema Korani, wengine Biblia, mmoja alisema barua za mwanawe. Mimi nilisema biashara. Ukweli ni kwamba nilitaka kuusoma mstari wa tatu kwa macho yangu. Nilipoweza, niliitoa karte chini ya godoro, nikapitisha kidole. Jina lake lilikuwa na herufi nane. Wala halikuandikwa vizuri.

Mume wetu alikufa kwa kifua miaka kadhaa baadaye, na karte ikafa naye. Mvulana alikua akaenda Pangi kuchimba madini. Huko hana bima ila mbavu zake, na simu yake hulia mara chache. Wajane tulibaki wawili katika kiwanja kimoja, na chungu kimoja, kwa sababu kuni ni ghali. Binti yangu akawa mwalimu. Ana mume na watoto watatu, nyumba yao iko jirani. Kisha mwenzangu akapata sukari. Kidonda cha mguuni hakikutaka kufunga, na dawa zake ni za kila mwezi mpaka mwisho wa maisha.

Ndipo binti yangu alipokuja na karatasi tatu, mwaka jana, akazitandaza juu ya mkeka mbele yetu.

"Mama, na wewe Mama Mudogo, musikilize vizuri. Bima hazifanane."

Ya kwanza ilikuwa mitiweli ya walimu, chama chao cha kuchangiana matibabu. Wanamkata kwenye mshahara, na yeye, mume na watoto wanatibiwa. Wazazi hawamo. Kwao, mwalimu alianguka kutoka mbinguni.

Ya pili ilikuwa ya kampuni ya mbali, iliyoletwa na kijana mwenye tai. Hii unaingia mtu mmoja mmoja, kila mtu na karte yake ya plastiki inayong'aa, picha yako peke yako, jina lako peke yako. Inalipa mpaka upasuaji. Niliishika karatasi ile muda mrefu kuliko ilivyostahili. Karte yangu, bila mtu juu yangu wala pembeni yangu! Binti yangu akanigeuzia ukurasa wa nyuma, wenye orodha ya hospitali. Zote zilikuwa Kinshasa na Lubumbashi. Tena hawapokei wazee, na mwenye sukari wanamkataa mlangoni.

"Kwa hiyo nikiumwa tumbo napanda ndege?" nikauliza.

"Ukiwa na miaka makumi tatu, ndiyo, Mama."

Ya tatu ilikuwa mitiweli ya parokia, ng'ambo ya mto. Haiulizi unaswali wapi. Unaanza zahanati, wakishindwa ndipo wanakuandikia barua ya hospitali. Unatoa sehemu ndogo na wao wanamaliza. Dawa za sukari zimo. Lakini hawapokei mtu peke yake, kwa sababu watu walikuwa wanakuja kujiandikisha wakiwa wameshabebwa na machela. Wanapokea jamaa nzima, isiyopungua watu watano. Wajane wawili na chungu kimoja si jamaa. Na jamaa ya binti yangu ingeweza kuongeza mzazi mmoja mzee. Mmoja tu.

Binti yangu aliikunja karatasi hiyo polepole, hakututazama. Mwenzangu akajikuna karibu na kidonda. Mimi nikaenda kutazama maharagwe ambayo hayakuwa jikoni.

Wiki nzima sikulala vizuri usiku wala kula vizuri mchana. Mguu wake niliuona, nilikuwa ninauosha mimi. Miguu yangu ni mizima. Mtoto mdogo angeijua hesabu hii. Lakini mstari ule! Parokia hawadai vyeti vya zamani, wanauliza kwa mdomo: mzazi ni nani? Kwa mara ya kwanza tangu binti yule atoke tumboni mwangu, mtu mwenye kalamu angeuliza, na jibu lingeweza kuwa mimi. Nilimwonea mwenzangu kijicho hadi kidonda chake, kwa kuwa hata kidonda kilikuwa kinamtetea.

Nilipiga moyo konde siku ya kuvuka, sisi wawili na jamaa nzima ya binti yangu. Ndani ya mtumbwi nilikuwa nimeshaliandaa neno langu: Andika yeye. Maneno mawili. Nilijiona nimekuwa mkubwa, na nitasema ukweli wote, nilifurahi kwamba mara hii angekuwa yeye wa kunishukuru. Angebaki nayo shukrani hiyo kooni mpaka kufa.

Karani wa parokia alikuwa msichana mpole. Akaandika binti yangu, mume, watoto watatu. Akainua kalamu.

"Na muzazi?"

Nilivuta pumzi. Mwenzangu alikuwa ameshaninyooshea kidole.

"Njo huyu," akasema. "Huyu njo alimuzaa. Andika."

Na karani akaandika, haraka, kwa wino. Nilikuwa bado na maneno yangu mawili mdomoni. Binti yangu akafunika uso kwa mikono. Mpiga picha akatupanga ukutani kwa picha ya jamaa, mwenzangu akasogea pembeni na fimbo yake, na mimi nikapigwa picha nikiwa nimekasirika kupita siku zote za maisha yangu. Hata wema alinitangulia. Miaka yote ile nilikuwa na kitu kimoja cha kumpa mtu huyu, akanipokonya akanipa yeye.

Tulipokuwa tunarudi, katikati ya mto, nilishindwa kujizuia.

"Nani alikutuma?"

"Yaya, ulikuwa shangazi siku mingi."

"Na sukari yako? Itakula nini, sifa?"

Alichovya vidole majini, akanawa uso taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Sukari yangu itatembea na jina yako. Unafikiri nilikupa bure?"

Mwendesha mtumbwi alidhani tunagombana kwa lugha ya mafumbo. Nilimtazama mwenzangu, na nikamwonea wivu kwa akili pia, maana mimi nilikesha wiki nzima na jambo hilo halikunipitia kichwani. Picha ya karte ni moja kwa watu sita, vichwa vidogo kama njugu. Mwanamke mzee mwenye kitambaa ni mwanamke mzee mwenye kitambaa.

Sasa kila mwezi tunakwenda zahanati watatu, binti yangu katikati. Kwenye daftari lao mimi nina sukari, na kidonda mguuni kinachoendelea vizuri. Mara ya kwanza walipoita jina langu nilisimama, akanivuta kikwembe nikakaa. Siku hizi nimejifunza. Nakaa kwenye benchi nikisikia jina langu linaitwa, naye ndiye anayenyanyuka.

Mwezi uliopita mlango ulikuwa wazi. Muuguzi kijana alimtoboa kidole, akalipima tone, akafurahi. Akamtazama binti yangu aliyekuwa amemshika bega, akaitazama karatasi yenye mstari nilioungoja tangu binti huyo akiwa mchanga, kisha akamtazama tena mwenzangu.

"Mama, mutoto anakufanana sana."

"Njo damu," mwenzangu akajibu, bila kupepesa jicho.

Kisha muuguzi akanyoosha shingo kunitazama mimi kwenye benchi, akauliza kama yule wa nje naye ni mgonjwa. Nilimsikia binti yangu akisita.

"Niko shangazi," nikasema kwa sauti, kabla mtu mwingine hajanitangulia.

Nikaokota ndala zake na fimbo yake, nikangoja arudi na jina langu.